Mrejesho: nimeamua kuanza na stashahada

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri: nikope nisome digrii ya uuguzi kwa miaka 4, au nianze na stashahada, niajiriwe mapema, kisha nijiendeleze? Nimechagua stashahada.

Kilichoniamua ni riba. Mmoja wenu alinifundisha kugawa 72 kwa kiwango cha riba ili nijue deni litajirudufu baada ya miaka mingapi lisipolipwa. Kwa asilimia 6 ni kama miaka 12. Mimi nilikuwa naangalia ada tu! Kumbe mkopo niliokuwa nautaka ungeanza kuzaa riba nikiwa bado darasani, na mshahara kamili ungesubiri hadi nimalize mafunzo ya vitendo na kupata leseni. Usiku ule usingizi haukuja.

Mliosema digrii hufungua milango ya ubingwa na uongozi mko sahihi, sijaiacha. Chuo kimenithibitishia kwa maandishi kwamba masomo ya stashahada yatatambuliwa nikirudi (ulizeni hili kabla ya kulipa chochote, jamani). Mama alitaka digrii moja kwa moja. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja, akaridhika. Naanza mwezi ujao. Asanteni sana.