Programu yangu ya C inaganda kwa hesabu za Juni, za Novemba zinakwenda sawa. Naomba ushauri

BintiMkomani
Asalaam aleikum wadau. Niko Lamu, huu mwezi wa pili najifunza lugha ya programu ya C mwenyewe kwa kompyuta ya kaka yangu. Mjomba hununua samaki kwa wavuvi pale gatini, na kila jioni anaandika daftarini kilo alizopokea. Nataka nimtengenezee programu ya kumpa wastani wa siku ambazo samaki waliingia, zile siku tupu zisihesabiwe. Msimu wa kusi bahari ikichafuka mashua hazitoki, kwa hiyo daftari la Juni lina sifuri nyingi. Nimeandika hivi:

```
int i = 0, siku = 0;
float jumla = 0;
while (i < 30) {
    if (kilo[i] == 0)
        continue;
    jumla += kilo[i];
    siku++;
    i++;
}
```

Novemba jibu nililipata. Nikiweka Juni, kishale kinamemeta tu, feni ya kompyuta inanguruma, jibu halitoki. Kompaila, ile inayogeuza maandishi ya C kuwa programu, nayo hailalamiki hata neno moja. Siku mbili nimekaa nayo. Kosa liko wapi?

NahodhaMalindi
Waaleikum salaam dada. Kompaila hailalamiki kwa sababu ulichoandika ni C sahihi. Shida ni njia inayopita hiyo programu. Chukua karatasi uifuate kwa kalamu.

Tuseme tarehe 4 Juni ni sifuri. Orodha za C huanza kuhesabu na 0, basi hiyo ni kilo[3]. i ikifika 3, sharti la if ni kweli, unakutana na continue. Kazi yake ni kuacha mistari yote iliyobaki humo ndani na kurudi juu kwenye swali la while. Haya, 3 ni ndogo kuliko 30? Ndiyo, ingia. kilo[3] ni sifuri? Ndiyo, continue, rudi juu. Ile i++ yako, inayoongeza i kwa 1, iko chini kabisa, haifikiwi. Utakaa hapo mpaka kesho na i bado ni 3. Novemba haikuwa na sifuri hata moja, kwa hiyo continue haikuguswa na kosa likabaki limejificha.

Andika kichwa hivi, na i++ ya chini uifute:

```
for (i = 0; i < 30; i++)
```

Kwenye for, continue inapita kwanza kwenye i++ ya pale kichwani, ndipo sharti linaulizwa. Wanaoanza huambiwa for na while ni kitu kimoja. Kwenye continue si kimoja, na wengi hukwama papo hapo. Programu ikiganda tena, bonyeza Ctrl na C pamoja itasimama.

MzeeWaShela
Mwanangu, Nahodha kasema kweli, lakini mimi ningeiondoa hiyo continue kabisa. Sema if (kilo[i] > 0), weka jumla na siku ndani ya mabano yake, i++ iwe nje. Mwili wa mistari mitatu hauna haja ya kurukwarukwa. Continue naiweka pale mzunguko una mwili mrefu na kuna mambo mengi ya kukataa mapema.

Na kabla ya kugawa, hakikisha siku si 0. Mwezi mzima ukiwa mtupu utagawa sifuri kwa sifuri, na mjomba ataletewa neno nan, yaani "si namba", badala ya kilo.

BintiMkomani
Shikamoo mzee, na ahsante Nahodha. Nimeifuata kwa kalamu, nimeiona! Sasa lingine. Menyu yangu iko ndani ya while (1), mzunguko usiokoma wenyewe, chaguo ni 1 kuandika kilo, 2 kuona wastani, 3 kutoka. Natumia switch, kila chaguo lina case yake. Kwenye case 3 nimeweka break, lakini nikibonyeza 3 menyu inarudi palepale.

MzeeWaShela
Marahaba. break hutoka kwenye kile kilicho karibu nayo zaidi, iwe switch au mzunguko. Yako imetoka kwenye switch, while bado inakusubiri. Fanya int endelea = 1; andika while (endelea), na kwenye case 3 useme endelea = 0; kisha break. Mzunguko ndani ya mzunguko ni vivyo hivyo: break ya ndani haikutoi wa nje.

Kiduta_C
Si atumie goto tu, anaruka moja kwa moja hadi nje?

NahodhaMalindi
Inawezekana, mradi lebo, yaani jina la mahali unaporukia, iwe ndani ya funksheni ileile, na hata mafundi wazoefu huitumia kutoka kwenye mizunguko mitatu iliyofungana. Ila kwa mtu wa mwezi wa pili siipendekezi. Bado anajifunza kuifuata programu kwa macho, na goto zikizidi hujui mstari huu umefikiwa kutoka wapi. Kama menyu iko ndani ya main na baada yake hakuna kazi nyingine, return 0 kwenye case 3 inatosha.

BintiMkomani
Nimechukua ya endelea, menyu inafunga. Wastani nimefuata ya mzee. Juni imetoa siku 17, kilo 23.4 kwa siku. Mjomba kakaa na daftari lake na kalamu akapiga hesabu mwenyewe, imetoka ileile. Ameniletea la Julai.