Kanda za hip hop ya Arusha: nitajuaje ipi ni ya mwaka gani, na nizihamisheje kwenye kompyuta?

Mtunza_Kanda
Wakuu, salaam. Kuna kanda 38 za rap ya Chuga, yaani Arusha, zinahitaji kuokolewa. Chache zina kava, nyingi zimedurufiwa na kuandikwa kwa kalamu tu: "Nako", "Watengwa", "Plastaz". Mwaka haupo. Zipangwe vipi kwa miaka, na zihamishwe vipi bila kuziharibu? Deki na laptop vipo.

Kaloleni_Kati
Mkuu, usianze na mwaka, anza na mtaa. Hip hop ya Arusha ilikua kwa makundi ya mitaani, kwa hiyo ukishalijua kundi umeshamaliza nusu ya kazi.

"Plastaz" ni X Plastaz, kundi lililoanza 1996. Ukisikia sauti ya Kimaasai juu ya mdundo, huyo ni Merege, yaani Yamat Ole Meipuko. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitoka 2004 kupitia OutHere Records ya Ujerumani. Faza Nelly wa kundi hilo alifariki 2006, basi mashairi yake yote yalirekodiwa kabla ya hapo, hata kama kanda imetoka baadaye.

"Nako" ni Nako 2 Nako: G-Nako, Lord Eyez, Bou Nako na Ibra Da Hustler. Jina linatoka mtaa wa Ngarenaro, ambalo kwa Kimaasai ni maji meusi. Kundi la River Camp ni Joh Makini, mdogo wake Nikki wa Pili, na Bonta. Watengwa ni wa mtaa wa Kijenge, akina JCB na Chindo. Hawa usiwachanganye kwa sababu tu walishirikishana kwenye nyimbo: angalia kundi linalotajwa kwenye kiitikio na mtaa unaosalimiwa mwishoni.

Weusi walikuja baadaye, River Camp na Nako 2 Nako walipoungana, na wakati huo kanda zilikuwa zinakufa. Kanda iliyoandikwa "Weusi" ni karibu hakika mtu aliirekodi kutoka CD au redioni.

Kwa zenye kava, soma namba ya simu. Vodacom walianza 2000 na 0744, kwa hiyo namba hiyo haiwezi kuwa ya miaka ya 90. Katikati ya miaka ya 2000 namba zilibadilishwa, 0744 ikawa 0754 na 0748 ya Celtel ikawa 0784. Ukiona 0754, kava hiyo ilichapwa baada ya mabadiliko. Lakini angalia: namba inakuambia kava ilichapwa lini, haisemi wimbo ulirekodiwa lini. Kanda iliyouza ilichapwa tena na tena.

FundiDeki
Hapo kwenye miaka sina la kuongeza. Upande wa kuhamisha, kabla ya chochote vunja vile vidole viwili vya plastiki juu ya kila kanda. Bila hivyo, kubonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya kunafuta historia ya mtaa mzima.

Safisha hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma utepe) na roli ya mpira kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya 70 ina maji mengi, inachelewa kukauka. Rudia kila baada ya kanda tano, na mara moja ukiona unga wa kahawia. Kanda yenye ukungu mweupe usiiweke kabisa kwenye deki, itaambukiza zingine zote.

Kanda iliyolala miaka mingi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kuicheza, maana utepe hugandamana. Ikitoa sauti hafifu upande wote, tazama kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, kikadondoka. Zenye skrubu tano zinafunguka vizuri. Zilizogundishwa inabidi upasue ganda na kuhamishia utepe kwenye ganda lingine.

Sauti ikiwa kama imefunikwa blanketi, tatizo ni pembe ya hedi. Geuza taratibu ile skrubu ndogo pembeni mwa hedi huku unasikiliza "s" na "ch" za wachanaji, mpaka ziwe kali kabisa. Kanda zilizodurufiwa majumbani kila moja ina pembe yake, kwa hiyo utarudia. Dolby (kipunguza mivumo cha deki) izime, isipokuwa kava inasema ilitumika.

Usichomeke waya kwenye tundu la maiki la laptop. Mara nyingi ni la mono, yaani upande mmoja tu wa sauti, na linapasua sauti. Tumia kifaa cha sauti cha USB chenye tundu la laini (line in). Rekodi kwa programu ya Audacity, faili la WAV, stereo, biti 24, kHz 48, kilele cha sauti kisizidi −6 dB. Dakika moja ni takriban MB 17, kanda ya dakika 60 ni kama GB 1. Kwa kanda 38 tenga GB 45, halafu nakala mbili kwenye diski tofauti.

Mtunza_Kanda
Asanteni sana wakuu. Zilizorekodiwa redioni, nikate sauti ya mtangazaji nibakize wimbo?

Kaloleni_Kati
Hapana, usikate! Jingo (kile kipande cha kujitambulisha) ya redio za Arusha, Triple A au Radio 5, inathibitisha wimbo ulipigwa hapo hapo Arusha, na tangazo la tamasha au la simu mpya linakupa tarehe kuliko chochote. Hifadhi upande wote mzima, pamoja na mivumo. Ukitaka toleo safi, litengeneze kwenye nakala.

Jina la faili liwe hivi: namba ya kanda, upande, kundi, mwaka, na herufi q mwishoni badala ya alama ya kuuliza kama huna hakika na mwaka. Mfano: 07_A_NAKO2NAKO_2005q. Kisha piga picha kava pande zote mbili na ganda lenyewe, mwandiko wa kalamu uonekane.

Kabla ya kupandisha mtandaoni, omba ruhusa kwa msanii na kwa aliyerekodi, wote wawili. Kazi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na wengi wa hao machalii bado wapo mjini. Nenda na kanda mkononi, wanaweza kukuambia studio, prodyuza na mwezi.