William Lambert: aliuza mechi, au alitolewa kafara?

Wakuu, juzi kwenye mada ya kubeti mmoja wetu aliandika kwamba mchezaji akiuza mechi hata mara moja afungiwe maisha. Akatoa mfano wa William Lambert, mchezaji wa kriketi wa Uingereza, aliyepigwa marufuku uwanja wa Lord's, London, mwaka 1817. Napinga, na naomba tulijadili hili.

Lambert alizaliwa Burstow, Surrey, mwaka 1779. Alikuwa mtu wa kijijini aliyelipwa ili acheze, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyemfikia Uingereza nzima. Kriketi ya siku zile ilikuwa kamari mchana kweupe: waungwana waliwekeana madau makubwa, na wachukuaji dau walikaa palepale Lord's, mbele ya jukwaa. Mchezaji wa kulipwa alikula ujira wa mechi moja moja.

Sasa mtazameni Lord Frederick Beauclerk, ambaye wanahistoria wengi wanamtaja kuwa ndiye aliyesukuma Lambert aondolewe. Mtoto wa Duke, tena kasisi. Hakuitwa mchezaji wa kulipwa, lakini inaelezwa alikadiria kriketi inamwingizia hadi gini 600 (sarafu iliyozidi pauni kidogo) kwa mwaka, zote za madau.

Na walikuwa na kisa. Mwaka 1810 Lambert na mwenzake Osbaldeston walipangiwa kucheza dhidi ya Beauclerk na Howard, wawili kwa wawili. Osbaldeston akaugua, akaomba mechi iahirishwe. Beauclerk akakataa: mcheze au dau liende. Lambert akabaki peke yake uwanjani, anapiga, anarusha, anaudaka mwenyewe. Alijua Beauclerk ana hasira za karibu, basi akawa anamrushia mipira ya pembeni, mbali na gongo, mmoja baada ya mwingine. Sheria haikukataza. Beauclerk akapandwa na jazba, ndipo Lambert akapeleka mpira ulionyooka, akamtoa. Akashinda kwa mikimbio (pointi za kriketi) 15. Mwaka uliofuata sheria ya mipira ya pembeni ikabadilishwa!

Miaka saba baadaye, timu ya England, Lambert na Beauclerk mwenyewe wakiwemo, ikafungwa na wachezaji 22 wa Nottingham. Ilisemwa pande zote mbili zilinunuliwa. Aliyebeba mzigo ni Lambert. Msimu huohuo wa 1817 alikuwa amepata mikimbio 107 na 157 katika zamu zake mbili za mechi moja, jambo ambalo hakuna aliyelirudia mpaka nyota wa kriketi W. G. Grace mwaka 1868. Beauclerk? Mwaka 1826 akawa rais wa klabu ya MCC, wenye Lord's.

NYONGEZA: Mchangiaji hapo chini anasema kosa la Beauclerk halimsafishi Lambert. Nakubali, na inawezekana kabisa aliuza. Ila linganisha na Maurice Odumbe, mchezaji wa kriketi wa Kenya aliyehusishwa na mchukuaji dau, mwaka 2004: alisikilizwa mbele ya jaji Nairobi, akafungiwa miaka 5, akaimaliza, akarudi kucheza. Lambert alikuwa na miaka 38 hivi, Lord's hakurudi tena, akafa mwaka 1851 doa likiwa palepale.

Kwa hiyo nawauliza mnaotaka kifungo cha maisha: mngekuwa kwenye kamati ile ya 1817, Beauclerk mngempa miaka mingapi?