PR yangu ya mistari 4 imefungwa, eti ni kubwa mno. Nimekosea wapi?

DogoWaIyumbu:
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa 3 hapa Dodoma nasoma mambo ya kompyuta. Kuna programu huria moja ya kuendeshea duka, jina naliacha, mjomba wangu anaitumia dukani kwake, sasa risiti zilikuwa zinakata majina marefu, "Unga wa sembe kilo 2" inatoka "Unga wa semb", wateja wanacheka. Nikasema ngoja nijitose, nikashusha kodi yote (ya programu, si ya mwenye nyumba), nimehangaika siku 2, bando limekata mara mbili, mpaka nikaliona bagi lenyewe. Dawa yake mistari 4 tu ya kuongeza. Nikatuma PR (pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yangu kwenye kodi yao). Kimya wiki 3. Jana naingia nakuta wameifunga, mtu kaandika sentensi moja kwamba mabadiliko ni makubwa mno hawawezi kuyapitia. Makubwa wapi jamani?? Au wameona jina la Kiafrika wakanipotezea? Nishaurini kabla sijaachana nayo.

FundiSaa:
Pole mdogo wangu. Kabla hatujafika kwenye ubaguzi, fungua hiyo PR nenda sehemu ya faili zilizobadilika, kuna namba ya kijani na nyekundu pale juu. Inasomaje?

DogoWaIyumbu:
+1,212 −1,208 😳 wallahi sijagusa vyote hivyo

FundiSaa:
Nilijua tu. Unatumia Windows eeh? Windows inafunga kila mstari kwa alama 2 zisizoonekana, CR na LF, wenzetu wa Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wanafunga kwa moja tu, LF. Edita yako, hiyo unayoandikia kodi, ilipohifadhi imegeuza mistari ya faili zima, kwa macho huoni kitu ila Git, ile inayofuatilia mabadiliko ya kodi, inaona faili limefutwa lote likaandikwa upya na mistari yako 4 imezama humo humo. Sasa mwenye mradi katoka kazini kwake usiku kachoka, anakuta mgeni kabadilisha mistari elfu na mia mbili, ungekuwa wewe ungesoma? Angalia kona ya chini ya edita, kama pameandikwa CRLF bonyeza uweke LF, hifadhi, halafu piga `git diff --stat` kabla hujatuma chochote. Iwe kama kuhesabu chenji kabla hujatoka dirishani.

Kiptum_wa_Linux:
Sema bro, mimi niko Eldoret. Hakuna mtu anakuchukia, watu wamekuwa waoga tu tangu ile stori ya xz. Hukuiskia? xz ni kaprogramu ka kubana mafaili, kako karibu kila Linux, na aliyekuwa anakashughulikia alikuwa mtu mmoja amechoka. Akatokea mwingine anajiita Jia Tan, akasaidia pole pole kama miaka 2 hivi mpaka akaaminiwa, kumbe anatengeneza mlango wa nyuma, wa kuingilia kompyuta za watu kwa siri. Ilishikwa Machi 2024 na ilishikwa kwa bahati, Andres Freund, injinia wa Microsoft, aliona kuingia kwa SSH, ile njia ya kuingia kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde akaanza kuchimba. Nusu sekunde!! Sasa wewe unakuja na mistari 1,212 na akaunti ya juzi.

Mimi nilianzia OpenMRS, ile ya rekodi za wagonjwa, juu ilianza kutumika huku kwetu 2006 na wako na kazi ndogo ndogo wametengea wageni. Kitu nilijifunza ni kupiga hodi kwanza. Fungua isyu, yaani andika tatizo lenyewe kwenye ukurasa wa mradi, weka picha ya hiyo risiti ya unga, uliza kama wanakubali uirekebishe hivyo. Wakisema sawa ndio utume. Ungefanya hivyo hizo wiki 3 hazingepotea.

Bwana_Kijiwe:
Yaani mtu anafanya kazi ya bure halafu anabembeleza ipokelewe 😂😂 bongo raha

BiZuhura_Tafsiri:
Kaka Kijiwe, risiti ya mjomba wake inapona, sasa bure iko wapi hapo?

Mdogo wangu usikate tamaa. Mimi kodi hata siijui, nachangia tafsiri ya LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwenye Weblate, tovuti ya kutafsiria programu, nikipata nusu saa baada ya watoto kulala nafanya maneno kumi kumi na tano basi. Na msidhani ni kazi rahisi, kuna siku tumebishana jioni nzima kama ni nywila au nenosiri, halafu ndugu zetu Wakenya wakaja na tarakilishi yao ndo tukamaliza kabisa 😅 Wenyewe wa Chuo Kikuu cha Dar walishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwenye mradi wa Kilinux tangu 2004, kwa hiyo sisi hatuanzi sifuri. Tafsiri yangu ya kwanza nayo ilirudishwa, nilitafsiri mpaka zile alama za %s zinazobebea jina la faili, programu ingeharibika. Nilinuna siku 2 nikarudi.

Kiptum_wa_Linux:
Tarakilishi tulifunzwa shule dada, usituonee 😂

DogoWaIyumbu:
Wakuu nimerudi. Ilikuwa CRLF kweli! Nimefungua isyu na picha ya risiti, wakasema sawa, nimetuma upya, sasa inasoma +4 −0. Jamaa kajibu siku hiyo hiyo, tena ni yule yule aliyeifunga, kaomba samahani kwa kujibu kwa mkato. Ila sasa ananidai testi, kile kipande cha kodi cha kupima kama dawa inafanya kazi. Risiti inaandikiwaje testi wakati mimi nilikuwa naprinti tu pale dukani naangalia?

FundiSaa:
Usiprinti tena, utammalizia mjomba karatasi. Tafuta ile fanksheni inayopanga jina kwenye risiti, ipe jina refu, halafu angalia inachorudisha kama kimekamilika. Humo kwenye mradi lazima kuna folda ya testi, nakili moja ya zilizopo ubadilishe. Anza na hiyo hiyo sembe.