Mdogo wangu kanyimwa viza ya ulinzi Australia, siku 35 zinakatika, naomba ushauri

Dada wa Nyarugusu: Habari zenu wapendwa. Mimi niko Melbourne, nililetwa toka kambi ya Nyarugusu, mdogo wangu alitoka Uvira akaja kivyake akaombea viza ya ulinzi humuhumu (866). Wizara ikakataa, tribunali ya rufaa nayo imekataa, wanasema ni muongo, miaka aliyotaja haifanani. Jamani siku ya kikao nilikaa naye, yeye kama Wakongo wengi namba anataja kwa Kifaransa, akasema dix-sept, yaani kumi na saba, mkalimani mtu wa pwani Kifaransa hajui akasema 2007 wakati ni 2017, mwaka waliomchukua kaka yetu!! Na barua ya vitisho tuliyopeleka hawajaigusa hata mstari mmoja. Tangu hapo hali chakula, hasemi, amelala tu. Uamuzi una tarehe 3 ila email tumefungua tarehe 9, leo 19, zile siku 35 za kupeleka mahakamani nahesabu kuanzia 9 si ndio? Au aombe viza upya?

Mzee wa Perth: Pole sana dada. Hesabu kuanzia tarehe 3! Zinahesabiwa toka tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, sio siku mliyofungua email. Mkichelewa mnaweza kuomba kuongezewa muda lakini itabidi mueleze kwa nini mlichelewa, na viza yake ya brijing, ile ya muda ya kukaa nchini wakati wa kusubiri, inaweza kuisha huku mnasubiri. Kuomba upya sahau, kifungu 48A cha sheria ya uhamiaji kinamzuia aliyekataliwa akiwa bado ndani ya nchi.

Binti Lamu: Shoga pole. Niongezee tu, mahakama mtakayokwenda, Federal Circuit and Family Court, haitoi viza. Jaji haulizi kama mdogo wako ni mkimbizi kweli, anaangalia kama tribunali ilikosea kisheria, na kosa liwe la uzito, kesi ya LPDT 2024 mahakama ya juu kabisa ilisema yatosha pawe na uwezekano wa kweli kwamba bila kosa uamuzi ungekuwa mwingine. Mkishinda inarudi tribunali kusikilizwa tena. Kwa hiyo msijaze karatasi na habari za vita vya Uvira, andikeni tafsiri ilikosewa hapa, barua hii haikuzingatiwa. Ombeni rekodi ya kikao LEO, mtafute mkalimani mwenye cheti anayejua Kiswahili cha Kongo na Kifaransa aandike neno kwa neno, muambatanishe na kiapo. Bila hiyo ni maneno yenu tu.

Dada wa Nyarugusu: Mungu awabariki. Na pesa je? Na jina lake litatoka hadharani? maana mama bado yuko Uvira

Mzee wa Perth: Jina halitoki, atapewa herufi na namba. Ada ya mahakama mnaweza kupunguziwa mkionyesha hamna uwezo. Ila mkishindwa mnaweza kuamriwa kulipa gharama za wakili wa waziri, ni maelfu ya dola, ndo maana muoneni wakili kabla ya kufungua kesi. Hapo Melbourne kuna Refugee Legal, ni bure, wapigieni kesho asubuhi na muwatajie tarehe 3 kabla ya kitu kingine chochote.

Dada wa Nyarugusu: Nimemwamsha, amekaa hapa tunaandika email ya kuomba rekodi. Anawasalimu.