Vidonge 7 vya kahawia: wanawake waambiwe wanaweza kuviruka?

Mleta hoja (mfamasia): Pakiti ya vidonge vya majira inayotolewa kliniki ina vidonge 28. Vile 21 vina homoni mbili: levonogestreli mikrogramu 150 na ethinilestradioli mikrogramu 30. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Mwaka 2019 FSRH, taasisi ya wataalamu wa afya ya uzazi ya Uingereza, ilitamka kwamba mapumziko haya ya siku 7 bila homoni hayana faida kiafya. Damu inayotoka siku hizo inaletwa na kukatishwa homoni, si hedhi halisi. Kwa nini mteja haambiwi kwamba anaweza kuviruka?

Sababu yangu kubwa ni mimba. Vidonge vikimezwa sawasawa, wanaoshika mimba kwa mwaka ni kama 3 kati ya wanawake 1,000. Kwa matumizi ya kawaida ni kama 70. Pengo hilo linatokana hasa na kusahau, na kosa baya kuliko yote ni kuchelewa kuanza pakiti mpya. Katika zile siku 7 ovari tayari inaanza kuamka. Ukizidisha mbili tatu, yai linaweza kupevuka. Watu wanahofia kidonge cha katikati ya pakiti, kumbe hicho ndicho chenye nafuu.

Muuguzi, kliniki ya uzazi wa mpango: Hoja ya ovari siipingi. Ila mama asipoona siku zake, kwanza anawaza mimba, kisha anaamini damu inajaa tumboni. Anaacha vidonge, na aliyeacha hana kinga yoyote. Kuunganisha pakiti, yaani kuruka vya kahawia na kuanza pakiti mpya papo hapo, pia huleta matone ya damu yasiyo na ratiba, hasa miezi ya mwanzo. Kwa anayemeza kwa siri, hilo si jambo dogo.

Halafu piga hesabu: sasa anahitaji pakiti 13 kwa mwaka, akiunganisha moja kwa moja zinafika 17 au 18. Stoo ikikauka, umemwongezea zile zile siku bila homoni ulizotaka kuzipunguza.

Tabibu: Ipo njia ya kati: aunganishe pakiti 3, yaani siku 63 za homoni, apumzike siku 4 tu, aanze tena. Lakini kabla ya ratiba, pima presha. Ikifika 140/90, atafutiwe njia nyingine. Vivyo hivyo mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwangaza machoni, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Anayetumia rifampisini kwa TB asitegemee vidonge hivi, hata akiunganisha mwaka mzima.

Mfamasia: Kuhusu stoo, muuguzi umenishinda, bila pakiti za kutosha tusianze. Lakini kanuni yenyewe tumeshaikubali. Mwongozo wa WHO unasema aliyesahau vidonge 3 au zaidi vya homoni ameze kimoja mara anapokumbuka na atumie kondomu siku 7. Ikiwa ni wiki ya tatu, amalize vya homoni, atupe vya kahawia, aanze pakiti mpya. Tunamruhusu aviruke akiwa hatarini, halafu akiwa salama tunamficha?

Muuguzi: Asifichwe. Ila aambiwe siku ya kwanza, pakiti ikiwa mkononi: matone yatakuja, damu haijai popote, na akiwa na shaka aje apime mkojo. Ukimwambia baada ya kuona matone, haamini tena.