Kasuku wa kijivu au badji? Naomba ushauri, niko Lamu

MwanaLangoni:
Salaam aleikum wanajamvi. Tangu wadogo zangu waende bodingi nyumba imekuwa kimya, mama yuataka ndege wa kumsikiza. Kuna jamaa ana kasuku wa kijivu, ati ashajua kuamkia, bei imenitoa jasho lakini yuasema tutaelewana, karatasi zitakuja baadaye. Pia kuna mtu Malindi anauza badji, wale kasuku wadogo wa kijani na buluu. Twakaa nyumba ya kale yenye kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati, paka ndo usiseme, na mama kila Alhamisi jioni lazima afukize udi. Nimchukue yupi, na nimweke wapi?

KusiMalindi:
Ndugu yangu huyo wa kijivu achana naye kabisa. "Karatasi zitakuja baadaye" manake hazipo. Kumfuga hapa Kenya lazima uwe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na tangu mkutano wa 2016 Johannesburg wa CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku, ndio maana wanauzwa kwa kunong'onezana. Halafu huyo ndege anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, mama akimchoka atarithi nani? Akiachwa peke yake anajinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki kitupu, mimi nimemuona mmoja hivyo, sitaki tena. Chukua badji.

BiShela:
Mwanangu, mimi nakwambia habari ya udi kwanza, hao wengine watakueleza mengine. Mapafu ya ndege si kama yetu, moshi kidogo tu wamdhuru. Usimwambie mama aache, hataacha, na mimi pia singeacha. Alhamisi tundu lipelekwe nje kiwandani kabla chetezo hakijawashwa, lirudi ndani harufu ikishaisha. Na kikaango cha nonstiki kikiungua jikoni moshi wake waweza kuua ndege saa hiyohiyo, na hautausikia harufu kali. Paka wa mji huu hatembei chini yuapita ukutani, kwa hivyo tundu lining'inie kwenye boriti kwa mnyororo, mbali na ukuta, na usiku lifunikwe shuka jepesi.

fundi_matundu:
Tundu liwe pana kuliko refu, badji huruka kwenda mbele hapandi juu kama lifti. Nafasi ya nyaya isizidi sentimita moja na robo maana kichwa kitapita. Vijiti vya kusimamia tumia matawi ya mpera, manene na membamba uchanganye, ile mbao laini ya duara inamuumiza miguu.

KusiMalindi:
Na ukienda kuchagua usimchukue aliyejikunyata manyoya yamevimba mchana kweupe, huyo ni mgonjwa hata muuzaji aseme amelala. Tazama pale juu ya mdomo penye matundu ya pua: dume mkubwa hapo ni buluu, jike ni kahawia. Wachukue wawili, mmoja atapata upweke.

Mzee_wa_Mkomani:
Wawili watazungumza wao kwa wao na mama hatafundisha neno! Dume mmoja mdogo, mama akae naye asubuhi na jioni, ataongea. Mama yuataka mwenzake, hataki sinema.

BiShela:
Mzee na mama akienda arusini Faza wiki nzima, huyo mmoja aongee na nani?

Chakula: mawele ndio msingi, na mchicha uliooshwa. Avokado hata punje usimpe, ni sumu kwake, chokoleti na kahawa pia. Ule mfupa mweupe wa dome, yule jamaa wa ngisi, unaookotwa ufuoni uloweke maji baridi mpaka chumvi itoke, ukauke juani, uufunge tunduni, atautafuna apate chokaa. Maji badilisha kila siku, joto letu hili maji yaharibika upesi.

MwanaLangoni:
Shukran sana. Jamaa wa kasuku nimemuuliza kibali, simu yake haipatikani tena. Nachukua badji wawili, Mzee utanisamehe. Sasa Malindi hadi Mokowe kwa basi halafu boti, watafika salama?

KusiMalindi:
Watafika. Boksi dogo lenye matundu, giza kidogo ndani, basi la asubuhi kabla jua halijawa kali, na usiweke bakuli la maji litamwagika, weka kipande cha tango. Kwenye boti usikae upande wa injini, ule moshi.

BiShela:
Na wakifika waache watulie kwanza siku kadhaa. Mwambie mama asianze kuwashikashika.